Mate ya Fundi wa Chokaa

Sitaanza na alikozaliwa wala ukoo wake, maana hayo sikuwahi kumuuliza na hayakunihusu. Nitaanza na kinywa chake, kwa sababu ndicho ulichokiona kwanza akiingia nyumbani kwa mtu. Kilikuwa chekundu cha kutisha. Meno ya mbele yalikuwa meusi kwenye fizi na rangi ya kutu kwenye ncha, na pembeni mwa midomo mlikuwa na mistari miwili iliyokauka ambayo aliifuta kutwa na kutwa ilirudi. Alikuwa mtu wa kucheka, tena kwa kinywa wazi. Mimi nilikuwa nikitazama pengine.

Mtaani hakuna aliyemwita kwa jina. Kuna fundi wa mabomba, fundi wa stima, fundi wa cherehani. Lakini ukisema Fundi peke yake, kuanzia Kuze mpaka Kibokoni, watu walijua unamtaja nani. Ni yule mzee wa chokaa, anayetemea watu kuta.

Naona ni lazima nieleze, maana asiyekuwa wa Mji wa Kale atadhani nasingizia. Nyumba zetu zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, kuta nene kuliko urefu wa mkono. Ukuta wa namna hii hunywa maji, ya mvua na ya ardhini, na jua likitoka huyatoa wenyewe. Ukianza kuugua hauonyeshi mapema. Unaweza kulala kando yake miaka, nje mweupe kama kanzu ya Ijumaa, ndani umekuwa uji. Mafundi wengine hugonga kwa kidole wakasikiliza, wengine hunusa. Fundi alitafuna tambuu, lile jani lenye popoo na chokaa linalotia kinywa wekundu, akasogea mpaka pua yake ikawa shibiri moja kutoka ukutani, akatema tone moja. Tone lenyewe lilikuwa dogo, si donge la mate la mtu asiye adabu. Alilirusha kwa ncha ya ulimi kupitia pengo la meno, likaenda moja kwa moja. Kisha akatazama.

Alitazama sana. Tone likiupiga ukuta mzima wa chokaa hutandaa mara moja likawa duara, kingo zake zikafifia, likazama papo hapo. Ukuta wenye vumbi, tone hujivika vumbi kwanza, likakaa kidogo kabla ya kupasuka. Ukuta mkavu uliochakaa hulirarua likatoa vidole pande zote. Na ukuta uliojaa maji haulitaki kabisa: tone hutandaa likawa jembamba, rangi ikapauka, likaanza kuteremka. Alitema tatu: moja chini karibu na sakafu, moja usawa wa kifua, moja juu alipofikia. "Tone halina jamaa," alikuwa akisema, "halimwonei mwenye nyumba haya."

Kisha akaondoka na kuyaacha pale. Hilo ndilo lililokuwa likinitia kichefuchefu kuliko yote. Hakutaka yafutwe, kwa sababu angerudi baada ya siku tatu kutazama mzingo wa doa, kama chumvi imelisukuma nje au la. Nyumba ya watu inabaki na mate ya mzee ukutani siku tatu, watoto wanapita, wageni wanapita, na mama mwenye nyumba anawaonya: msiguse, Fundi hajarudi. Nilipokuwa msichana niliwahi kuchukua brashi na sabuni nikayasugua ya kwetu mpaka ukuta ukachubuka. Aliporudi alisimama mbele ya lile baka jeupe, akaniangalia, akasema kwa sauti ya mtu aliyeibiwa, "Mwanangu, umenifutia." Akatema upya.

Nisionekane mjinga wa mambo haya. Mimi ni mtu wa maabara. Nafanya kazi katika zahanati moja Ganjoni, na kazi yangu ya kila siku ni kutandaza damu na makohozi ya watu juu ya vijioo. Nikidondosha tone kwenye kioo kisafi, linatandaa lenyewe bila kusukumwa. Kioo kikiwa kimeshikwa na kidole chenye mafuta, tone linajikunja, na mimi nakirudisha kioshwe. Kwa hiyo nilijua kwamba mzee hakuwa mganga wala mwongo. Alichokifanya kilikuwa na maana, na nilikielewa pengine kuliko wote waliokuwa wakimsifu. Lakini nilijua pia kilichomo ndani ya mate ya watu. Nimefunzwa kuvaa glavu kabla ya kugusa kile ambacho yeye alikirusha ukutani kwa mama yangu.

Mama hakutaka kusikia neno juu yake. Fundi ndiye aliyeitunza nyumba ile tangu baba yangu yu hai, ndiye aliyempigia chokaa chumba alichoingia akiwa bibi harusi, na kwa mama jambo hilo lilitosha. Akija, mama hupika kahawa. Mimi nilimtengea kikombe chake, nikakifunga uzi mwekundu kwenye mkono ili kisichanganyike na vya watu. Sikudhani ataona. Mara ya pili alikigeuza, akautazama ule uzi, akakirudisha kwenye sinia bila kunywa na kusema amefunga. Ilikuwa Jumatatu, na watu wengine hufunga Jumatatu, kwa hivyo mama aliamini. Basi tangu hapo kila alipokuja kwetu alikuwa amefunga, hata siku alizokuja anatafuna.

Na hapa ndipo mzee huyu alipokuwa akinichanganya. Hakutema njiani hata siku moja. Alitembea na kopo la maziwa ya unga lenye kifuniko, limetobolewa na kutiwa kamba, linaning'inia mkononi, na humo ndimo alimotema yasiyo ya kazi. Vijana waliotema barazani aliwakemea mpaka wakaona aibu. "Njia ni ya watu wote," aliwaambia, na wao wakamtazama kinywa wakacheka chinichini. Ijumaa alitoka na kanzu isiyo na kidoa. Kabla ya kila sala alipiga mswaki muda mrefu hivi kwamba wenzake walimtania kuwa anajenga msikiti wa pili kinywani. Mswaki haukusaidia kitu, wekundu ulikuwa umeingia ndani.

Mwezi wa Ramadhani hakupima ukuta. Aliyeona ufa alingoja Idi, au alimwomba apime kwa maji, na hapo kulikuwa na ubishi. Mtu mmoja alimnunulia kidondoshea dawa cha duka la dawa ili apime mchana bila kufungua. Fundi alidondosha mara mbili, akakirudisha. Alisema maji matupu yana haraka, yanazama hata mahali yasipotakiwa, lakini mate yana subira na yanamngoja mtu aone. Nilikuwepo, na najua namna kitu kizito kidogo kinavyotandaa polepole kuliko maji. Iliniudhi kwamba amepatia.

Alipatia mara nyingi, na watu walipenda kuzisimulia hizo mara. Hapo Ganjoni karibu na kazini kwangu aliitwa kwenye fleti ya tajiri mmoja, ukuta wa sebule unatoka baka. Hakuuliza, alitema tu, juu ya rangi ya bei, mbele ya makochi. Mke wa tajiri alipiga ukelele majirani wakatoka. Fundi akaonyesha kwa kidole mahali tone lilipopaukia, akasema vunjeni hapa, pana bomba linalia, kisha akateremka ngazi huku akitukanwa. Walivunja wakalikuta bomba. Watu wakilisimulia hili hucheka mpaka wakashika mbavu, na humalizia kwa kusema kwamba Fundi hakosei. Mimi namwonea huruma yule mwanamke. Bomba lilizibwa siku hiyo hiyo, lakini kila akikaa kwenye kochi lake atakumbuka kilichokuwa nyuma ya kichwa chake.

Tena si kweli kwamba hakukosea. Kibokoni aliukataa ukuta wa jiko la mjane mmoja, akasema hauli, umeshiba, wavunje plasta yote. Wakavunja, ndani mkavu kabisa. Kumbe ni moshi wa samaki wa kukaanga, miaka na miaka, umeupaka ukuta mafuta, ndiyo maana tone halikuzama. Fundi hakujitetea. Alikuja kesho yake na chokaa yake mwenyewe, akapiga plasta upya peke yake, wiki tatu, bila kuchukua kitu na bila kusema na mtu. Yule mjane alisema hakutafuna hata tambuu siku zote hizo.

Jambo jingine: kuna jioni nilimkuta amesimama chini ya ukuta wa Ngome ya Yesu, mashavu yamejaa, ameukazia macho. Nilijua anachokitamani. Nikasimama nione kama atathubutu, na kusema kweli nilitaka athubutu ili askari wamshike. Alikaa vile kitambo, halafu nikaona koo likipanda na kushuka. Alimeza. Aliponiona alisema, "Ule si ukuta wangu," akaenda zake. Chakula cha usiku kilinishinda siku ile.

Sasa nifike kwenye lile nililolifanya.

Ilikuwa baada ya baba kufariki. Mama aliona unywele wa ufa juu ya kitanda chake, akamwita Fundi bila kuniambia. Nilirudi kutoka kazini nikapanda ngazi, nikamkuta chumbani ameinama juu ya mito ya mama, na matone matatu mekundu yamekwisha kukaa ukutani, moja karibu na pale mama anapoweka kichwa. Siku ile nilikuwa nimeshinda na makohozi ya wagonjwa wa kifua. Sikuweza kujizuia, wala sikujaribu.

"Ami, huoni haya?" nilimwambia. "Hapa analala mtu. Toka, utoke na uchafu wako."

Mama alisema jina langu mara moja, kwa kunyamazisha. Mimi nikakariri. Fundi alijifuta midomo kwa kitambaa, akalichukua kopo lake chini, akapita mbele yangu ameinamisha kichwa. Mama akamwita akiwa ngazini, akamuuliza ukuta waonaje. Akajibu bila kugeuka kwamba amuulize mwanawe. Akaenda, na hakukanyaga kwetu tena.

Wiki ile ile nilileta mafundi wengine. Niliwaambia nataka ukuta unaofutika. Walikwangua chokaa ya zamani, wakapiga simiti, wakapaka rangi ya mafuta, nyeupe kama maziwa, tabaka mbili, ikang'aa. Nilichukua kitambaa chenye maji nikaupangusa kutoka juu hadi chini, na nilifurahi, siwezi kuficha. Matone ya maji yalikaa juu ya rangi yakiwa ya duara, yakateremka hayakuacha alama. Nikamwambia mama, sasa hapa pamekuwa mahali pa mtu kulala. Mama alisema rangi inanuka.

Asiyezijua kuta zetu hataona kosa liko wapi. Maji ya mvua na ya ardhini hayakuacha kuingia ukutani kwa kuwa mimi nimepaka rangi. Yaliingia kama zamani, ila sasa hayakuwa na pa kutokea. Mvua ya kwanza haikuonyesha kitu. Ya pili ilileta malengelenge kwenye rangi. Baadaye ukuta ukaanza kutoa kitambi upande wa kichwani kwa mama, chumvi ikachungulia kwenye nyufa, godoro likawa baridi. Niliwaita wale wale, wakaongeza simiti juu ya simiti. Mama akashikwa na kifua, miguu ikamshinda, akawa wa kitandani. Na kitanda kile kichwa chake kilikuwa kimeegemea kitambi cha ukuta.

Nilimsihi ahamie sebuleni. Nilimletea mhandisi akapiga picha kwa simu na kusema atarudi. Nililia. Mama alikuwa mtulivu kabisa. Alisema aliingia chumba kile ana miaka kumi na minane na hatakitoka kwa neno la mtu asiyejua ukuta.

"Mwiteni Fundi," alisema. "Akisema nitoke, n'tatoka."

Miaka saba ilikuwa imepita. Nilimkuta kwa binti yake, Tononoka, amekaa kwenye kiti cha plastiki karibu na dirisha. Nilikuwa nimepanga maneno ya kuomba radhi njia nzima, na nilipomwona yakapotea. Nusu ya taya la kushoto haikuwepo. Ilikuwa saratani, binti yake alinieleza mlangoni, wakamkata, kisha wakampa mionzi, na mionzi ikamkausha kinywa. Hana mate hata ya kumezea uji, ndiyo maana ameshika chupa ya maji saa zote na kuonja kidogo kidogo. Nitasema kweli: kinyaa kilinishika hata pale. Shavu lililoingia ndani, maji yanayochuruzika kidevuni, harufu ya dawa. Mimi, mtu wa maabara, nilikuwa napumulia kinywa.

Aliniuliza mamako hajambo. Maneno yake yalitoka mapana, hayana kingo, ilibidi umsikilize sana. Nilimwambia ukuta umetoa kitambi na mama hataki kutoka ila kwa neno lake. Hakunikumbusha kitu. Alimwomba binti yake kofia.

Tulikwenda kwa tuktuk, na ngazi za kwetu alizipanda nikimsukuma mgongoni. Alimwamkia mama, wakaulizana hali kwa urefu kama watu wasio na haraka yoyote. Halafu akaweka kiganja ukutani. Akaitisha kisu, akachimbua pale rangi ilipofura. Simiti ilitoka kipande kizima kwa wepesi, na nyuma yake ikaonekana chokaa ya zamani, ya kijivu. Akaitazama muda, akatikisa kichwa. Kiganja hakikumtosha. Nilileta glasi ya maji, akakataa kwa mkono. Nikaelewa anachotaka kabla hajasema.

"Isiwe na tumbaku," alisema. "Hiyo imenitosha mimi."

Niliteremka mpaka kwenye kibanda cha pembeni. Muuza tambuu, ambaye ananijua tangu mdogo, aliuliza ni ya nani. Nilipomwambia ni yangu aliacha kukunja jani akaniangalia. Nilipanda ngazi nikitafuna. Uchungu wa popoo, ukali wa chokaa kwenye shavu la ndani, na yale maji mekundu yanajaa na kujaa kinywani, na mimi nisiyeweza kuyameza wala kuyatoa. Tone langu la kwanza liliniangukia kidevuni likaingia kwenye shingo ya nguo. Mama alikuwa akitazama kutoka kwenye mto. Fundi aliniwekea kidole kimoja chini ya kidevu, akanisogeza mpaka pua yangu ikawa shibiri moja kutoka ukutani, akanionyesha kwa ulimi wake mkavu pa kuuweka wangu.

La pili lilifika. Lilipiga chokaa likatandaa upana wa sarafu, kwa sekunde moja nikadhani linazama. Halikuzama. Lilizidi kupanuka, wekundu ukapauka ukawa waridi, kisha likawa maji tu, na maji yakaanza kuteremka. Nilitema la tatu kando yake. Likafanya vile vile.

"Bibi," Fundi alimwambia mama, "ukuta umeshiba. Hauna pa kuweka tena. Ondoka leo."

"Ni wewe uliyesema?"

"Ni mimi."

"Basi nihamisheni," mama akasema.

Majirani wawili walikuja, tukambeba mama na godoro lake mpaka sebuleni. Wakarudi kuvuta kitanda. Ubao wa kichwani ulipotoka ukutani, bamba la simiti lenye ukubwa wa mlango liliteleza likaangukia pale palipokuwa na mto, na nyuma yake tope la kijivu likamwagika sakafuni. Chumba kile tumekifunga, na Fundi, mwenye kujua kuta, amesema hakirudi.

Fundi alikuwa amekaa kwenye kizingiti cha sebule, anaonja maji yake. Nilichuchumaa mbele yake, kinywa kingali chekundu, nikamuuliza jambo ambalo sikuwa nimejiuliza miaka yote saba.

"Ami, siku ile niliyokufukuza. Ukuta ulisema nini?"

Aliziba chupa kwanza.

"Ulikunywa," alisema. "Matone yote matatu. Ulikuwa mzima, mwanangu. Ufa ulikuwa wa ngozi tu. Nilikuwa nataka kumwambia mamako asiuguse."

Mama alikuwa hatua mbili kutoka pale, macho wazi, na alisikia kila neno. Hajaniuliza kitu mpaka leo. Namwosha, namlisha, namgeuza upande usimuume, na kila nikimshika najionea kinyaa.